Ukuta wa Sebuleni na Rafu za Baba

Jumatatu, 3 Juni

Baridi imeingia bila hodi. Kazini vidole vilikufa ganzi hata nikashindwa kushika bisibisi ndogo ya kukazia fremu za miwani, na mteja mmoja akaniuliza kama nina homa. Sina homa. Nina furaha, na hofu kidogo.

Daktari mkuu ametangaza mbele ya wafanyakazi wote wa kliniki kwamba kuanzia mwezi ujao mimi ndiye mkuu wa kitengo cha miwani. Wakapiga makofi. Makofi hayajaisha, akaongeza kwamba wenzangu wote wameshatukaribisha nyumbani kwao, mimi peke yangu ndiye ninayepiga chenga kila mwaka, na safari hii sina pa kukimbilia. Watu wakacheka. Nami nikacheka, huku nausikia mdomo wangu unasema karibuni, Jumapili ya mwisho ya Julai, nyote na wenza wenu.

Nilipofika nyumbani nilisimama mlangoni nikaitazama sebule yetu kwa macho ya mgeni. Runinga iko juu ya kabati ambalo mlango wake haushiki mpaka ubanwe na karatasi. Waya zinaning'inia nyuma yake kama matumbo ya samaki. Ukuta una doa la unyevu lenye umbo la sikio. Na kwenye kiti cha pembeni, kajifunga blanketi, pua karibu iguse kioo cha runinga, Baba.

"Ni wewe?" akaniuliza.

Nikamwambia angekuwa nani.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemwonyesha mume wangu picha niliyoipiga nyumbani kwa daktari mkuu mwaka jana, siku nilipojifanya najipiga mwenyewe. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwenye picha sionekani zaidi ya sikio. Kinachoonekana ni ukuta: runinga imezamishwa katikati, chini yake meko yenye moto wa kweli, kulia na kushoto rafu kutoka sakafuni hadi darini, na hakuna waya hata mmoja unaojitokeza.

Mume wangu, ambaye anauza vipuri vya magari na hupenda kitu kinachoweza kufunguliwa na kufungwa tena, aliuliza kama hakuna meko ya umeme, ile inayotoa mwanga kama moto bila moshi wala majivu. Nikamwambia moto wa kudanganya siutaki nyumbani kwangu. Akakubali kwa shingo upande.

Tulidhani Baba amesinzia. Kumbe alikuwa anasikiliza. Akasema rafu asitafutwe mtu. Ana mbao za mvule nyuma ya nyumba, amezikausha tangu Mama yuko hai, na hajapata kazi ya kuzistahili. Mume wangu akafurahi kweli kweli, akampiga Baba begani. Baba amekuwa seremala tangu kabla sijazaliwa, nimekua nikichezea maranda, na karo yangu ilitoka kwenye vitanda na makabati ya watu. Lakini nilikuwa naziwaza zile rafu za kijivu zisizoonyesha hata kichwa cha msumari. Mwisho nikasema, "Sawa, Baba."

Jumanne, 11 Juni

Manyunyu kutwa. Baba kamwaga chai nje ya kikombe tena, juu ya kitambaa kipya. Nimemwambia awe makini, yeye si mtoto.

Jumapili, 16 Juni

Fundi wa ukuta amekuja. Ni kijana mtulivu anayetembea na tableti kubwa, na kabla hajajibu swali lolote anakuonyesha picha, kwa hiyo binti yetu amembatiza Fundi Picha. Alipima, akagonga ukuta kusikiliza, akapanda juu ya paa. Akatueleza kwa nini runinga haiwezi kukaa hivi hivi juu ya moto: lazima kati yao litoke jiwe la kusukuma joto mbele, na nyuma ya runinga iachwe nafasi ya hewa, la sivyo itaiva. Bomba la moshi litapita kwenye ukuta wa nje, lipande juu kuliko paa.

Nilipomtambulisha kwa Baba, Baba alinyoosha mkono pembeni kabisa, kama anayemsalimia mtu mwingine aliyesimama karibu na pazia. Fundi akasogea upesi, akaufuata mkono. Uso ulinishuka. Nilidhani Baba anafanya kiburi cha fundi mkubwa kwa fundi mdogo.

Walikubaliana vipimo vya rafu. Binti yetu ndiye aliyeviandika kwa penseli kwenye kipande cha ubao.

Alhamisi, 20 Juni

Nimemkuta binti yetu uani na Babu yake, yeye ameshika mwisho wa tepu anasoma namba kwa sauti, Babu anachora mstari. Wamefunikwa na maranda mpaka nywele. Mitihani yake inaanza wiki ijayo na daftari la kemia lilikuwa juu ya pipa la maji. Nimempeleka ndani. Akasema Babu anamhitaji. Nikamjibu Babu ni seremala, hahitaji karani.

Baba alibaki ameinama juu ya ubao, anaupapasa.

Jumatatu, 24 Juni

Kidole gumba cha Baba kina plasta. Anasema patasi iliteleza. Tangu alfajiri nasikia randa, inakwenda, inasimama, inakwenda. Zamani haikuwa ikisimama.

Jumamosi, 29 Juni

Wametoboa ukuta leo. Vumbi limeingia kwenye sukari, kwenye mashuka, kwenye masikio. Kisha mvua ikaja, ikaingia kwenye tundu, na mume wangu akasimama pale ameshika beseni kama mtu anayekinga baraka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu tulipoanza.

Jumanne, 2 Julai

Siku yangu ya kwanza kama mkuu wa kitengo. Nimepewa meza karibu na dirisha. Nimepima wateja wengi, wazee wengi kati yao. Baridi huwatoa ndani. Mmoja alikuwa anasoma ubao wa herufi kwa kukariri, alimsikia aliyemtangulia. Nilimkamata kwa kugeuza ubao. Tulicheka naye sana. Nikamwambia watoto wake wanamlea vibaya, wangemleta mapema.

Jumamosi, 6 Julai

Meko imewashwa kwa majaribio. Moshi wote ulirudi ndani, jirani akaja mbio na ndoo ya maji, akamwagia kapeti kabla hatujamzuia. Fundi Picha amepanda tena juu ya paa kuongeza bomba. Baadaye moto ulishika vizuri, ukawa unavuta na kunguruma. Baba alisogeza kiti, akafumba macho, akasema joto lake ni kama la chumba cha Mama yake. Nilitaka kumuuliza zaidi, simu ikaita.

Jumatano, 10 Julai

Nimeomba ruhusa nimewahi kurudi kwa sababu leo rafu zilikuwa ziingizwe.

Baba alikuwa amevaa shati safi. Alisimama katikati ya sebule kama bwana harusi. Mume wangu na Fundi Picha wakaleta ya kushoto, wakaisimamisha kwenye nafasi yake. Juu ilishika ukuta. Chini ilikaa mbali, unaweza kupitisha ngumi. Wakadhani wameigeuza vibaya. Wakaigeuza, ikawa mbaya zaidi. Fundi akaweka pima maji juu ya kila ubao, na kila ubao ulikuwa unaelekea upande wake. Kiungo kimoja kilikuwa kimechongwa mara mbili, kama mtu aliyekosea akajaribu tena pembeni. Ile ya kulia haikuingia kabisa.

Baba akauliza, "Imekaa?"

Fundi Picha akanitazama. Nitasema kwa haki kwamba alikuwa na adabu. Akamwambia Baba kuta za nyumba za siku hizi zimepinda, rafu nzuri haziwezi kukaa kwenye ukuta mbovu, watatafuta njia. Baba akaitikia kwa kichwa, akasema hata yeye alihisi ukuta una matatizo.

Nilimfuata fundi nje. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hazirekebishiki. Mbao ni nzuri ajabu, lakini zimekatwa fupi, na zilizobaki hazitoshi. Anaweza kutengeneza nyingine kwenye karakana yake, kwa mbao za kiwandani, apake rangi ile ile ya picha. Wiki moja tu.

Ningeweza kurudi ndani nikamwambia Baba. Mlango ulikuwa hatua chache nyuma yangu. Nilichofanya ni kumwambia fundi aanze.

Kisha nikampigia kaka yangu, nikamwomba amchukue Baba kwa siku kadhaa kwa sababu ya vumbi la rangi, si zuri kwa kifua chake. Kaka akanishukuru kwa kumjali mzee.

Jumamosi, 13 Julai

Baba ameondoka na begi lake dogo. Mlangoni alinishika mkono, akaniomba nimwangalie fundi asije akazipigilia misumari rafu zake. Atumie gundi na vijiti vya mbao. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Alijikwaa kwenye kizingiti na kaka akamdaka.

Jumatano, 17 Julai

Rafu za Fundi Picha zimeingia kama mkono kwenye glovu yake. Za kijivu, zimenyooka, hazina mshono. Runinga imezama mahali pake, waya zimepotea. Nimekaa kwenye kochi nikiutazama ukuta wangu, nikijaribu kufurahi, na nimefurahi kiasi.

Fundi aliuliza zile za mzee azifanyeje, zinamziba njia uani. Mume wangu alikuwa kazini. Binti alikuwa dirishani.

Nikasema, "Zikate. Tutawashia moto."

Fundi akaniuliza tena kama nina hakika, maana ni mvule. Nikamwambia nina hakika. Akawasha msumeno wa umeme. Haikuchukua muda. Sasa kuna kikapu kimejaa vipande vya kahawia kando ya meko, vimepangwa vizuri, vinapendeza hata.

Binti hakuja kula. Amesema ana kichwa.

Jumamosi, 20 Julai

Baba amerudi. Alikuja moja kwa moja sebuleni, akaweka mikono yote miwili kwenye rafu ya kushoto. Akaipapasa kutoka chini kwenda juu, pole pole, pembe kwa pembe.

"Mmepaka rangi," akasema.

Nikasema ndiyo, ili zifanane na ukuta.

"Na zimekaa?"

"Zimekaa sawasawa, Baba. Fundi alinyoosha ukuta kidogo tu."

Nilikuwa nimeshalipanga jibu hilo tangu jana nikiwa bafuni. Lilitoka laini. Mume wangu akainuka akaenda jikoni, nikamsikia anafungua bomba la maji na kuliacha limwagike bila kuosha kitu.

Jumatatu, 22 Julai

Baba anapiga simu. Amempigia kaka, amempigia rafiki yake wa zamani waliyekuwa naye karakana moja, amempigia hata shangazi ambaye hawaongei. Kwa wote anasema maneno yale yale: alidhani mkono wake umekwisha, kumbe bado upo. Anasema Fundi Picha mwenyewe alisifu. Leo asubuhi alikuwa anaimba anaponyoa.

Mume wangu ameniambia nimwambie kabla wageni hawajaja. Nikamjibu nimvunje moyo ili iweje, si umemwona alivyo? Akasema, "Humlindi yeye." Hatujaongea tangu hapo.

Alhamisi, 25 Julai

Nimenunua mapazia. Nimefokea kila mtu.

Jumatatu, 29 Julai

Jana sikuweza kuandika. Leo nimeomba udhuru kazini, nimesema tumbo.

Wageni walifika mchana, manyunyu yakidondoka, wakiwa wamejikunyata kwenye makoti. Waliingia wakaona moto na wote wakasema aah kwa pamoja, kama nilivyoota wangesema. Wakanyoosha mikono, wakazunguka meko. Wake wa madaktari waligusa jiwe, waliuliza habari za bomba. Kwa nusu saa hivi nilikuwa mwanamke mwenye furaha.

Baba alitoka chumbani kwake peke yake. Alikuwa amevaa koti lake la suti, vifungo vimepishana, upande mmoja juu ya mwingine. Kiatu kimoja cheusi, kingine cha kahawia. Nikaona macho ya watu yakishuka kwenye miguu yake na kupanda tena kwa heshima. Nilimdaka mkono nikamkalisha kiti cha karibu na kikapu cha kuni, pembeni, ambapo nilidhani hataonekana sana. Naandika hili kwa sababu sitaki kujifanya sikulifikiria. Nililifikiria.

Daktari mkuu alikuwa amesimama mbele ya rafu. Alipitisha kidole kwenye ukingo, akainama kuangalia kwa chini, kisha akageuka.

"Kazi ya nani hii?" akauliza. "Meko nimeshaziona nyingi. Hizi rafu ndizo nazitaka."

Baba alisikia. Nilimwona akinyoosha mgongo. Alifuta kiganja kwenye suruali, kile cha kulia, tayari kusalimiwa, na akageuza uso kuelekea sauti yangu. Alikuwa anangoja tu nimtaje.

Ningeweza kusema ni yeye. Ungekuwa uongo, lakini nilikuwa nimeshasema mwingi kuliko huo. Ningeweza kusema ni habari ndefu, karibuni mezani. Lakini daktari mkuu alitaka namba ya simu ya fundi, na mimi nilikuwa naviona vile viatu.

Nikasema, "Kuna fundi mmoja wa kisasa sana. Nitakupa namba yake. Kila kitu kafanya yeye."

Ilikuwa kweli tupu. Tangu mwezi huu uanze sikuwa nimesema neno la kweli kuhusu zile rafu, na hilo la kwanza ndilo lililomchinja.

Baba hakushtuka. Ule mkono aliuweka juu ya goti, kisha ukateremka kando ya kiti, ukakutana na kikapu. Akaokota kipande cha kuni. Nilikuwa nagawa glasi, sikuweza kufika. Dole gumba lake, lile lenye kovu jipya, likapita juu ya ubao, likakuta shimo la kiungo alilolichonga kwa patasi, likatulia humo. Kisha likatafuta la pili, lile la kukosea, likalikuta kando yake.

Akasema kwa sauti ya kawaida, kumwambia daktari mkuu, "Ni kazi nzuri. Mtafute huyo."

Wakati wote wa kula alikaa na kile kipande mapajani, juu ya leso. Hakula. Mume wangu alipoinuka kuongeza kuni, akatazama kikapu, akamtazama Baba, akakaa tena. Moto ukaachwa ufifie, na wageni wakaanza kuvaa makoti.

Daktari mkuu alikuwa wa mwisho kuaga. Mlangoni akanivuta kando.

"Mzee wako umempima lini macho?"

"Juzi juzi tu," nikasema.

Aliniangalia kidogo, akanishukuru kwa chakula.

Jumanne, 30 Julai

Nimemkuta binti yetu anafagia majivu, jambo ambalo hafanyi bila kutumwa. Nikamuuliza alikuwa anajua nini. Alijibu bila kuacha kufagia.

Alisema Babu haoni. Haoni tangu mwaka jana, kila kitu kwake kina ukungu, na jua likizama hakuna kitu kabisa. Ndiyo maana alikuwa anamsomea tepu. Siku zile alizomsomea, mbao zilitoka sawa. Zile za baada ya mimi kumwita ndani, Babu alizipima kwa mkono na kwa kukisia.

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema utamwachisha kazi." Akasimama, ameshika fagio. "Halafu, Mama, wewe si ndiye mtu wa macho?"

Nilikwenda kukaa bafuni. Nikazikumbuka siku zote moja moja: chai, kizingiti, mkono uliosalimia pazia, "Ni wewe?" Nimeziandika mwenyewe humu kama makosa yake. Watu wasionijua huja na mtu wao aliyekaa hivyo karibu na runinga, nami huwaambia kabla hata hawajaketi kwamba mzee huyu ana mtoto wa jicho. Wangu nilimwambia awe makini.

Jumatano, 31 Julai

Baba anasema salamu asubuhi, anajibu ukimuuliza, anashukuru kwa chakula. Hakuna zaidi. Hakai tena sebuleni. Amesema ataenda kuishi kwa kaka.

Nilimwomba kitu kimoja, aje kliniki kwanza. Akasema sawa, kwa namna ile ile niliyomjibu mimi siku alipoomba kutengeneza rafu.

Alhamisi, 1 Agosti

Nilimpima mwenyewe. Nilimkalisha kwenye kile kiti, nikamfunika jicho, nikamwomba asome. Mstari wa juu una herufi moja tu, kubwa kama sahani. Akauliza ubao uko upande gani.

Wasaidizi wangu walikuwepo. Mmoja akajifanya anatafuta kalamu.

Daktari mkuu aliangalia kwa taa yake. Macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho, amekomaa, lakini nyuma ya jicho kunaonekana salama. Anaweza kufanyiwa upasuaji mapema, aanze na la kulia. Ni habari njema. Habari ya ile "juzi juzi" yangu hakuiuliza. Alimuuliza Baba tu, kwa upole, anaishi na nani.

"Na binti yangu," Baba akasema. "Huyu hapa."

Jumatatu, 5 Agosti

Baridi inaanza kuvunjika. Hakuna anayewasha moto. Vile vipande vya mvule vilivyobaki nimevitoa kwenye kikapu, nikasimama navyo uani bila kujua niviweke wapi. Mume wangu akavichukua mikononi mwangu, akavipanga chini ya ukingo wa paa, pasipofika mvua. Akaniambia nikaoge. Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyoniambia tangu tugombane.

Jumanne, 13 Agosti

Upasuaji umekwisha salama. Jicho limefungwa bandeji. Kaka na mimi tulikaa kwenye benchi moja. Nikamweleza yote, kuanzia lile vumbi la rangi. Hakunifokea. Aliinuka, akaenda kukaa benchi la mbele.

Jumatano, 14 Agosti

Wamefungua bandeji. Baba alipepesa, machozi yakimtiririka, akatazama dirisha, kisha mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma. Kisha mimi. Alinitazama kwa muda mrefu. Mimi ndiye niliyeangalia chini.

Jumapili, 18 Agosti

Kaka alisema atamfuata mchana. Asubuhi Baba aliingia sebuleni kwa mara ya kwanza tangu siku ya wageni. Alisimama mbele ya ukuta, mikono nyuma. Aliangalia jiwe, meko, mahali bomba linapoingilia. Aliinama kuangalia rafu kwa chini, vile vile kama daktari mkuu alivyofanya. Kisha akaomba aonyeshwe vile vipande. Binti alivileta kwenye beseni. Akavipanga mezani, akaunganisha viwili vilivyokuwa ubao mmoja, akafumba jicho ambalo bado halijapasuliwa na kutazama kwa lile lingine.

Akasema zilikuwa zimepinda kweli. Angekuwa mwanafunzi wake ndiye aliyeleta kazi ile, angemrudishia. Hakusema kwa huzuni. Alisema kama fundi.

Nilijua siwezi kungoja tena. Nikamwambia naomba anisamehe, kwamba sikutaka kumuumiza, kwamba niliogopa.

"Uliogopa nini?"

"Wageni."

"Wageni walinikuta nyumbani kwangu," akasema. "Mimi sikuwaogopa. Niambie vizuri."

Mume wangu alikuwa mlangoni. Binti alikuwa pale pale. Ningependa kuwe hakuna mtu, lakini nadhani hata hilo lilikuwa haki.

"Nilikuonea aibu, Baba."

Aliendelea kuvisogeza vile vipande, hiki kwa hiki.

"Basi," akasema. "Hilo ndilo nililotaka kulisikia kwa mdomo wako. Kuliona, niliona, hata kwa macho yale."

Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza.

Kaka alipopiga honi nilibeba begi la nguo hadi kwenye gari, Baba akitembea mbele bila kushikwa, akiruka vidimbwi vya maji kimoja baada ya kingine, kama anajionyesha. Nikarudi kuchukua sanduku lake la zana, lile zito la chuma. Alinizuia. Akasema libaki pale pale uani lilipo, jicho la pili likipona atakuja kulitumia, na mimi nisiliguse.